Mtoto Aliyeinamisha Kichwa

Kama wiki jana hukulipata gazeti, au ulilipata likiwa limeshafungiwa karanga, nakukumbusha kwa ufupi, maana hasira niliyo nayo leo haina subira.

Mimi ni Antonia, binti wa Rhotia, opereta wa simu mjini Arusha, mama wa Nareyu na Martini. Mume wangu Parsimei ni dereva wa watalii. Alinioa kanisani, shela na pete, mbele ya padre na ukoo wangu mzima. Jumamosi ile alitupakia kwenye Landrova ya ofisi yao, mimi na wanangu, na mdogo wangu Leonida na mwanawe Patrisi, akasema anatupeleka kreta watoto wakaone simba.

Simba hatukuwaona. Alipita ukingo wa kreta bila hata kupunguza mwendo, akateremka upande wa pili mpaka kwenye boma la kwao, ambako miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akiniambia ni mbali, barabara mbaya, mama yake hapendi Waswahili. Kisha mwanamke mmoja mrefu akatoka kwenye nyumba ya kwanza kulia mwa lango, akanishika mkono, akasema, "Karibu, mke mwenzangu. Mimi Sintamei."

Hapo ndipo nilipokuacha, msomaji. Mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake.

Niliuchomoa.

"Parsimei, huyu mama anasema nini?"

"Mama Nareyu, tulia kwanza. Hayo ni mambo ya zamani. Nilitafutiwa na marehemu mzee, kabla sijabatizwa."

"Na ulipobatizwa, yeye alikwenda wapi?"

Alichuchumaa kukagua tairi la Landrova. Tairi lenyewe halikuwa na kasoro yoyote, lilikuwa jipya kuliko ndoa yangu.

Nilitaka kupiga kelele, lakini Leonida alinishika kiuno. "Usilie mbele yao, dada. Tafadhali. Usiwape faida hiyo."

"Silii," nikamwambia. "Nina hasira."

Ndugu msomaji, lazima nikwambie Leonida alikuwa nani kwangu, vinginevyo yaliyofuata utayaona madogo.

Alikuja Arusha nilipojifungua Nareyu. Kazi ya simu ni ya zamu, na mtoto hajui zamu. Leonida ndiye aliyeosha, aliyelisha, aliyebembeleza. Alipopata mimba yake mwenyewe, akaniambia kwa machozi kwamba mwenye mimba ni askari, amekwenda vita vya Kagera. Baadaye akaniambia amekufa huko. Sikumuuliza zaidi, nani anamhoji mjane? Patrisi akazaliwa, Leonida akaugua matiti, na mimi, ambaye Martini alikuwa bado ananyonya, nikawaweka wote wawili kifuani, mmoja huku na mmoja huku.

Tuliwalea pamoja. Duka la ushirika likileta kitambaa, tulikata kimoja kwa watoto wote watatu. Jumapili nisipokuwa zamu tuliwapeleka bustanini karibu na mnara wa saa, karanga mkononi, soda moja inazunguka vinywa vitano. Watu walituuliza nani mama wa nani. Tulicheka tukasema hata sisi tumesahau.

Na kila Novemba nilimwandikisha yule askari kwenye misa ya marehemu. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Basi. Tukakaribishwa ndani ya boma. Baridi ya huko si ya kuchezea, nami nilikuwa nimewavalisha watoto nguo za matembezi, kaptula na gauni la mikono mifupi. Wazee walikuwa wameketi kwenye vigoda wakitusubiri. Kati yao alikuwa Olais, baba mdogo wa Parsimei, aliyewahi kuwa mlinzi wa mashamba ya kahawa Oldeani, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Pembeni aliketi Naishorua, mama mkwe wangu, ambaye nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza kwa macho haya.

"Watoto wasalimie," akasema Olais.

Martini akajificha nyuma ya sketi yangu. Nareyu akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha, akasema shikamooni. Wazee wakatazamana.

Lakini Patrisi, ambaye hata miaka minne alikuwa hajatimiza, alitembea moja kwa moja mpaka kwa mzee wa kwanza. Akasimama. Akainamisha kichwa. Mzee akamwekea kiganja utosini. Patrisi akaenda kwa wa pili, akainama, akaguswa. Akaenda kwa Olais. Akaenda kwa bibi. Hakuruka hata mmoja.

Mimi, mjinga mimi, nikacheka! Katikati ya hasira yote ile nikacheka kwa sauti. Kanisani kwetu, misa ikiisha, padre husimama mlangoni na watoto humwinamia awaguse kichwa.

"Leonida, mwone mwanao," nikasema. "Anadhani wazee wote hawa ni mapadre!"

Leonida hakucheka. Alijifunga kanga vizuri akatazama chini. Nikadhani ni baridi.

Tukaletewa chai ya maziwa. Naishorua akaanza kusema kwa Kimaasai, taratibu, akinitazama mimi. Parsimei akaacha tairi lake akaja kutafsiri.

"Mama anasema karibuni sana. Amefurahi kuwaona wajukuu."

Olais akaweka kikombe chini. "Sivyo alivyosema."

"Baba mdogo..."

"Wewe nyamaza. Nimelinda mali ya mzungu miaka mingi, najua mtu anayeficha." Akanigeukia. "Mama yetu amesema hivi. Mtoto tumemsubiri muda mrefu, na leo anabaki. Ndiyo sababu tulimwambia Parsimei awalete wanawake wote, jambo hili lisifanyike gizani."

"Mtoto gani?" nikauliza.

"Mtoto wa Sintamei. Sintamei hakujaliwa kuzaa. Kwetu mwanamke haachwi hivyo. Nyumba yenye watoto humpa mmoja, naye anakuwa wake kabisa. Sintamei ana ng'ombe wake, na ng'ombe hawakai bila mrithi."

Nilimvuta Martini kutoka nyuma ya sketi nikampakata. Mtoto mkubwa, miguu inaning'inia.

"Kumbe simba mlikuwa ninyi!" nikasema. "Mnanidanganya niwalete watoto matembezini, mninyang'anye? Parsimei, ulinunua na karanga njiani Karatu, ukamwambia mwanao atamwona simba, na ulikuwa unamleta kumwacha?"

"Mama Nareyu, hujaelewa..."

"Nimeelewa kuliko nilivyowahi kuelewa kitu tangu nikujue!"

Hapo Leonida akafanya jambo ambalo nililiona la kishujaa. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu Rhotia, wale wasielewe, "Dada, asibaki mtoto hapa. Hata mmoja. Niapie."

"Kwani nitamwacha mwanangu?"

"Niapie. Watoto wote watatu."

"Naapa," nikamwambia. "Naapa kwa ziwa la mama tulilonyonya wote wawili. Tumekuja na watatu, tutarudi na watatu."

Akaubusu mkono wangu. Moyo wangu ukajaa. Nikawaza, mume ni mtu wa kuokota, lakini ndugu wa tumbo moja ni ndugu. Nilidhani ananitetea mimi.

Sintamei alikuwa amesimama mlangoni kwake muda wote. Sasa akaketi kwenye kigoda, akaita.

"Kakuta!"

Nikageuka kuona Kakuta ni nani. Hakukuwa na mtoto mwingine karibu.

Patrisi ndiye aliyekimbia. Alikimbia kwa ile kaptula niliyoishona mimi, akamrukia yule mwanamke mapajani, akashika shanga za shingoni mwake kama mtu anayezijua moja moja, akauliza kwa Kiswahili safi cha Arusha:

"Ndama wangu yuko wapi?"

"Amekua," akasema Sintamei. "Yuko malishoni. Jioni utamwona."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi siku hiyo niliambiwa na mtoto wa miaka mitatu.

Nikamteremsha Martini polepole. "Leonida, Patrisi amelijuaje boma hili?"

Akajifunga kanga tena.

"Nakuuliza wewe. Huyu mtoto nani alimfundisha kuinama?"

"Mimi," akadakia Naishorua, Kiswahili chake cha kuhesabika. "Mimi fundisha. Yeye kuja, mimi fundisha. Mtoto mzuri."

"Kuja lini?"

Olais ndiye aliyenijibu, na hakuwa na ubaya wowote usoni. Alidhani najua. "Si huletwa na mama yake, Parsimei akiwa na wageni wa kreta? Hata sukari hutuletea. Sukari yako tumeinywa sana, mke wetu, tunashukuru."

Sukari yangu!

Enyi mnaokumbuka miaka ile, mnajua sukari ilikuwa nini. Nilisimama foleni nikiwa nimetoka zamu, miguu imevimba, nipate kilo moja. Nusu nilimfungia Leonida ampelekee mama yetu Rhotia, kila alipoomba lifti ya Landrova aende "kumwonyesha bibi mjukuu." Kila aliporudi nilimuuliza, mama hajambo? Hajambo, dada, anakushukuru kwa sukari. Na mama yangu mzazi kule Rhotia anakunywa chai ya chumvi.

"Mzee Olais," nikasema, "labda mimi ni mgeni wa mila hizi. Mnamtaka mwanangu au mnamtaka huyu?"

"Wako wa nini? Wako ana nyumba. Nyumba yako. Huyu ndiye hana." Akamwonyesha Patrisi kwa fimbo. "Damu ya Parsimei haiwezi kuzunguka mjini haina nyumba, inaitwa jina la padre tu. Tumempa jina. Tumempa ndama. Leo apewe mama."

"Ana mama!" Leonida akapiga ukelele. Alikuwa amesimama, kanga imeanguka, hanioni mimi wala mtu mwingine ila mume wangu. "Baba Patrisi! Uliniahidi! Ulisema watamwona tu, watambariki tu, tutarudi naye! Baba Patrisi, sema!"

Baba Patrisi.

Jumamosi ile ile asubuhi alikuwa anamwita shemeji. Shemeji, ongeza chai. Shemeji, mfunge Martini viatu.

Nilikumbuka misa za Novemba. Kila mwaka, jina la askari nililopewa na mdogo wangu, linasomwa altareni, na mimi nimepiga magoti namwombea pumziko la milele. Na marehemu mwenyewe ameketi kando yangu kwenye benchi, amenyoa ndevu, anaitikia "Ee Bwana, utuhurumie." Nilimwombea apumzike. Kumbe alikuwa anapumzika chumba cha pili.

Nilimpiga kofi. Parsimei, si Leonida. Leonida nilikuwa bado sijamfikia. Lilikuwa kofi la mkono wa kulia, lililotoka begani, na kofia yake ya udereva ikaenda kuangukia kwenye samadi.

Wazee wakaguna. Mwanamke kumpiga mwanamume mbele ya wazee ni jambo kubwa, na kijana mmoja akainuka kama anayetaka kunishika.

"Mwache," Sintamei akasema pale alipokaa, Patrisi mapajani. Akanitazama. "Ongeza moja la kwangu."

Sikuliongeza, lakini nilimpenda kuanzia hapo, na sioni aibu kuliandika. Mke mwenzangu niliyemjua kwa saa moja alikuwa mkweli kwangu kuliko ndugu yangu niliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ile nguo niliishona kwa mikono yangu.

Leonida akanishika miguu. "Dada, nisikilize. Ulikuwa zamu za usiku. Nilikuwa mtoto, sikujua..."

"Ulijua kusema Kagera. Mtoto gani anajua kumzika mtu ambaye hajafa?"

"Nipige. Niue. Lakini wanamchukua mwanangu, dada. Uliapa."

"Niliapa nikiwa sijui."

"Uliapa kwa ziwa la mama! Watatu!"

Na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Alijua. Alipopiga magoti mbele yangu na kunishika mikono, alikuwa anajua mtoto anayetakiwa ni wake. Aliniapisha nikiwa gizani kama anayemfungia punda mzigo.

"Nitoke hapa," nikasema. "Nareyu, Martini, twendeni garini. Parsimei, utaendesha, na usifungue mdomo mpaka Arusha. Wengine mtajijua."

"Subiri, mke wetu." Olais akainuka. Alikuwa mzee sana, lakini akisimama watu walitulia. "Huwezi kuondoka bila neno lako. Tulikuita kwa sababu hiyo. Nyumba za Parsimei ni mbili, ya Sintamei na yako. Mtoto wa damu yake atakaa katika moja. Wewe ukimkataa, anabaki na Sintamei, na hataitwa tena Patrisi. Ukimkubali, arudi na wewe. Lakini atakuwa wako mbele yetu sote, sawa na huyo unayemshika mkono. Watakula sahani moja na kurithi kitu kimoja. Huwezi kuja kumfukuza siku ukikumbuka hasira yako."

"Na mama yake?"

"Mama yake hana nyumba kwetu. Neno ni lenu ninyi wake wawili."

Nikamtazama Sintamei. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu, mashavu yake yamelowa, lakini alipozungumza sauti haikutetemeka.

"Mimi nimemngoja," akasema. "Nimeshamtandikia ngozi. Lakini sitaki mtoto wa kuibiwa. Sema wewe. Ukisema ni wako, nitamwachia, na sitakulaani."

Nani alimwomba awe mwema? Kama angenitukana ningejua la kufanya. Angalau mtu mmoja kwenye boma lile angenirahisishia!

Fikiria ungekuwa wewe. Nimrudishe nyumbani, kila siku nimvue shati nione mgongo wa mume wangu, nimwangalie anavyocheka nione meno ya mdogo wangu? Nimwamshe, nimwogeshe, nimkatie mkate sawa na Martini, na kila tonge linanikumbusha nilivyofanywa mjinga chini ya paa langu? Au nimwache, niondoke na wawili, na usiku Martini ageuke kitandani amtafute mwenzake? Mtoto niliyempa ziwa langu mwenyewe. Yeye hakumwongopea mtu. Hata ndama wake alimuulizia waziwazi.

Na nikimwacha, Leonida atakuwa ameadhibiwa. Sitaki kukuficha, wazo hilo lilikuwa tamu. Nililionja, nikalionja tena.

"Dada," Leonida akalia pale chini.

"Usiniite hivyo."

"Mama Nareyu," akaanza Parsimei.

"Na wewe nyamaza!" tulisema watu watatu kwa pamoja, mimi, Leonida na Sintamei.

Martini akanivuta sketi. "Mama, Patrisi habaki, siyo? Atapanda gari, siyo?"

Wazee walinitazama. Naishorua alinitazama. Na Patrisi, aliyekuwa hajui kwa nini watu wazima wanalia, akaona kwamba macho yote yako kwangu, akafikiri kwa akili yake ya kitoto kwamba amesahau kumsalimia mtu.

Akateremka mapajani mwa Sintamei, akaja. Alimpita mama yake pale chini bila kusimama, akafika mbele yangu, akaweka miguu pamoja kama alivyofundishwa, akainamisha kichwa.

Kwao mtoto aliyeinama haondoki mpaka aguswe. Hata mimi nilikuwa nimekwisha kulijua hilo, na nilijua pia kwamba nikimgusa mbele ya wazee nitakuwa nimesema neno langu.

Kiganja changu kilikuwa bado kinawasha kwa lile kofi. Nilikifumba. Boma zima lilikuwa likiangalia ule mkono wangu, na utosi ule mdogo niliounyoa mimi mwenyewe Jumapili iliyotangulia.

Akasubiri. Akasubiri sana, shingo yake nyembamba imekaza.

"Mama mkubwa," akasema, bila kuinua kichwa, "mbona hunigusi?"